Watu wanne kwenye mita moja ya mraba

Mtu akikwambia kwamba watu walifia getini kwa sababu hawana ustaarabu, muulize kwanza kila mita ya mraba ilikuwa imebeba watu wangapi. Kama hajui, mengine yote anayokupa ni maneno ya kijiweni.

Nasema hivyo kwa kuwa mageti ya uwanja wa mpira nimeyasimamia. Siku za kawaida mimi ni fundi bomba hapa Dar: natandaza mabomba, nafunga pampu, napandisha maji kwenye matangi ya watu. Siku za mechi kubwa navaa riflekta na kuwa stewadi, yaani msimamizi wa mashabiki. Posho yake haifiki mbali, jua lote linaishia utosini, na ukishapangwa getini mechi huioni, unaisikia tu. Lakini pale nimejifunza mambo ambayo chuo cha ufundi hawakunipa, na mengine nikaja kuyakuta yamepimwa na wanafizikia wa mbali ambao dabi ya Kariakoo hawajawahi hata kuisikia.

Dabi moja nilipangwa kwenye geti dogo, la kupita watu wawili wakibanana. Mashine ya kusomea kadi ilikuwa inagoma. Ikigoma tunafunga geti, ikiamka tunafungua. Kufikia saa nane mchana uchochoro wote kati ya ukuta na uzio wa mabati ulikuwa nyomi hadi barabarani. Mimi nilikuwa upande wa ndani wa nondo. Mbele yangu kabisa alikuwepo jamaa mmoja mnene, jezi imelowa, mikono kaiinua juu ya vichwa vya wenzake kwa sababu hakuwa na pa kuishushia. Mwenzangu akamfokea aache kusukuma. Akajibu kwa sauti ndogo, ya mtu anayebania pumzi: "Kiongozi, mimi sisukumi. Miguu yangu haigusi chini."

Nikatazama chini kupitia nondo. Kweli. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa hewani, kandambili moja imeshapotelea nyuma, na mwenyewe anakwenda kushoto, anarudi kulia, taratibu, pamoja na wote waliomzunguka. Hapakuwa na mtu anayetembea. Uchochoro mzima ulikuwa unayumba.

Aliyetuokoa ni askari mmoja mtu mzima, ambaye hata hakuwa wa geti letu. Aliamuru geti la magari lifunguliwe, habari za kadi baadaye. Watu wakamwagika ndani. Waliozimia tukawabeba hadi kivulini, vijana wa Msalaba Mwekundu wakawashughulikia, na wote wakaamka. Chini palibaki viatu vya kutosha kufungulia duka la mitumba. Jioni, redioni, mchambuzi mmoja akawashauri mashabiki wajifunze kupanga foleni.

Ushauri ule uliniudhi, na uliniudhi kifundi. Maji yakiwa yanakimbia ndani ya bomba la chuma, halafu ukafunga koki ghafla, utasikia ukuta unagonga. Maji ya mbele yamesimama, ya nyuma bado hayajapata habari. Yanaendelea kuja, yanajibana, na presha inarudi bombani kwa kishindo. Nimeona viungo vya bomba vikifunguka kwa sababu hiyo. Hakuna fundi anayeyalaumu maji. Unafunga koki polepole, au unaweka chemba ya hewa kabla maji hayajaifikia ile koki. Geti letu lilikuwa koki inayofungwa na kufunguliwa ghafla mchana kutwa.

Mpwa wangu anasoma uhandisi. Nilipomsimulia habari hii alicheka, halafu akanitumia makala kwenye simu: "Mjomba, kuna watu wanalipwa kwa haya maneno yako." Ilihusu kazi ya Nicolas Bain na Denis Bartolo, wanafizikia wa Lyon, Ufaransa, iliyotoka katika jarida la Science mwaka 2019. Walikwenda kwenye marathoni ya Chicago, ile ambayo Kelvin Kiptum alikuja kuikimbia kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35 mwaka 2023. Wao hawakuwa na shida na washindi. Walichukua video za yale maelfu ya nyuma, wanaosubiri zamu yao ya kuanza. Wakimbiaji hawa hupangwa kwa makundi, na mbele ya kundi kunakuwa na mstari wa wafanyakazi wanaowasogeza: wanatembea kidogo, wanasimama, wanatembea tena. Kwa mtu anayetaka kupima, hapo hajaachiwa cha kubahatisha. Anajua nani kaanzisha mwendo na lini, kazi yake ni kuangalia habari inavyosafiri kwenda nyuma.

Hawakuhangaika na kila mkimbiaji anawaza nini. Waliuchukua umati wote kama kitu kimoja kinachotiririka, wakapima kasi na msongamano wa kila sehemu. Wakakuta kwamba mstari wa mbele ukisimama, wimbi la kusimama linarudi nyuma kwa kasi ileile, mita moja na kitu kwa sekunde, na linafika mbali bila kufifia. Kanuni walizozipata Chicago zikatabiri mwendo wa umati wa Paris na wa Atlanta. Lakini kuna matokeo mengine ya kazi hiyo ambayo mimi kama stewadi nayathamini zaidi: habari ya mwendo husafiri, habari ya mwelekeo haisafiri. Watu wachache wakigeukia pembeni, kugeuka kwao kunazimika hapohapo, hakufiki kwa waliosimama nyuma.

Uchochoro wetu haukuwa na nafasi wala utulivu wa wale wakimbiaji, kwa hiyo sisemi mambo ni yaleyale kwa vipimo. Ila atakayesimama getini ataona. Ukipaza sauti "pitieni kushoto!", wanaokusikia ni walioko mbele yako, nao hawana hata nafasi ya kugeuza bega. Ukifunga geti, mtu wa mwisho kule barabarani ataipata habari hiyo kifuani mwake, hata kama hajui geti liko wapi.

Miaka sita baadaye, Februari 2025, Bartolo na wenzake wakatoa kazi nyingine katika jarida la Nature, na hii ndiyo iliyonirudishia ule uchochoro. Kila tarehe 6 Julai, saa sita mchana, mji wa Pamplona huko Hispania hufungua sikukuu ya San Fermín, ile ya kukimbizana na mafahali. Fataki inarushwa kutoka jumba la manispaa, na kabla ya hapo maelfu ya watu wenye nguo nyeupe na vitambaa vyekundu wanajaza uwanja mdogo uliozungukwa na majengo pande zote. Watafiti waliweka kamera juu, wakaufuatilia umati kwa mbinu inayotumika maabara kupima mtiririko wa maji: unalinganisha picha moja na inayofuata, unaona kila doa limesogea wapi.

Mwanzoni kila mtu anajisogeza atakavyo, hakuna mpangilio. Watu wanazidi kuingia. Msongamano unapovuka kama watu wanne kwa mita moja ya mraba, linatokea jambo ambalo aliyeko katikati hawezi kuliona: mamia ya watu wanaanza kwenda pamoja, kwa duara, polepole, mara kwa mwendo wa saa, mara kinyume chake. Duara moja pale Pamplona linachukua sekunde 18 hivi. Hakuna aliyewasukuma. Hakuna muziki unaowaongoza. Na muda huo hauamuliwi na watu, unaamuliwa na upana wa mahali palipowabana.

Nilirudia kusoma sehemu hiyo. Jamaa yule mwenye mikono juu alisema ukweli wote kwa maneno manne.

Kwa nini iwe duara, nielewavyo mimi, ni hivi. Mtu aliyebanwa hasimami kama nguzo. Kila wakati anatafuta mizani, anakanyaga huku, anajikaza kule, bega lake linasuguana na la jirani. Ukiwa na nafasi, vinguvu hivyo vinapotea. Mkishabanana, cha mmoja kinapokelewa na wa pili, wa pili anampa wa tatu, vinajipanga upande mmoja. Kisha umati ukisogea upande, nguvu zinazoupinga haziurudishi ulikotoka moja kwa moja, zinaupindisha kidogo pembeni, na kupindishwa kila hatua ndiko kunakoleta mzunguko. Mamia ya watu ni makumi ya tani. Makumi ya tani yakisogea hata nusu mita, kuna mtu yuko kati yake na ukuta.

Watafiti hao wakachukua pia video za Duisburg, Ujerumani, za tamasha la Love Parade la Julai 2010, ambako watu 21 walikufa kwenye njia nyembamba iliyotumika kuingilia na kutokea. Wakaukuta mwendo uleule wa kuyumba. Hapo ndipo utafiti unapogusa riziki yangu. Mtikisiko huo unaanza mdogo, kabla hali haijaharibika, na kamera iliyowekwa juu inaweza kuuona mapema kuliko stewadi yeyote aliye chini. Mwenye kamera anapata muda wa kusema zuieni kule barabarani, fungueni geti la magari.

Wazo la kuuona umati kama kimiminika si geni. Mhandisi wa Marekani John Fruin aliandika mwaka 1993 kwamba watu wakifika saba kwa mita ya mraba wanakuwa kama kitu kimoja kinachomiminika, mawimbi yanapita ndani yao, mtu anaweza kung'olewa viatu na kuchukuliwa mita tatu au zaidi. Alitaja pia vyuma vya uzio vilivyopindishwa kwa nguvu ya zaidi ya nyutoni 4,500, yaani kama uzito wa kilo 450. Mwaka 2007 Dirk Helbing, Anders Johansson na Habib Al-Abideen wakachambua video za Mina, karibu na Makka, mahali ambapo mahujaji wengi wa kwetu wamepita, za tarehe 12 Januari 2006, siku ambayo zaidi ya mahujaji 300 walipoteza maisha karibu na daraja la Jamarat. Waliona hatua tatu: kwanza mtiririko laini, halafu mawimbi ya kwenda na kusimama, mwisho vurugu kamili, watu wanatupwa kila upande bila hiari yao. Daraja la zamani likavunjwa, likajengwa la ghorofa kadhaa, wanaokwenda na wanaorudi wametenganishwa. Msiba mwingine ukatokea Mina mwaka 2015, mbali na daraja, kwenye makutano ya njia.

Tuseme wazi na watu wanakufaje. Wengi hawakanyagwi. Wanakosa pumzi wakiwa wamesimama, macho wazi, kifua kimebanwa mbele na nyuma, mbavu hazina pa kupanukia. Ndiyo maana kelele zinapopungua katika nyomi mimi huwa naogopa. Mtu wa kupiga kelele ana pumzi ya kupigia.

Kwetu pia yametokea. Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa katika uwanja wa Majengo wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Machi 2021 wengine 45 walikufa Uwanja wa Uhuru, wakati wa kumuaga Rais Magufuli. Mara zote mbili mazungumzo niliyoyasikia kwenye daladala yaliishia kwenye tabia: Mswahili hana subira, Mswahili hawezi foleni. Seoul, Oktoba 2022, kichochoro kimoja cha Itaewon kiliondoka na watu 159, wengi wao vijana. Huko nako ni Waswahili?

Kuna utafiti mwingine niliupenda kwa sababu una kondoo. Iker Zuriguel, mmoja wa hao waliofanya kazi ya Pamplona, alikuwa ameshawapima kondoo wakipita kwenye mlango mwembamba wa zizi kwenda kula, pamoja na punje zinazopita kwenye tundu la ghala, na watu waliojitolea kupita mlangoni kwa kusukumana. Kwa punje na kwa watu, kadiri msukumo unavyozidi, ndivyo mlango unavyoziba kwa muda mrefu zaidi. Miili mitatu minne inajifunga kama upinde mbele ya tundu, na kinachoifunga hivyo ni nguvu ya walioko nyuma. Kondoo walisaidiwa na nguzo iliyowekwa kama hatua moja mbele ya mlango, kwa kuwa ilipokea msukumo kabla haujafika. Lakini walipojaribu nguzo hiyo kwa watu, kasi ya kupita haikuongezeka. Nalitaja hili kwa sababu wapo wasimamizi wanaosoma nusu ya habari, kesho yake utakuta zege limemwagwa mbele ya geti.

Ninachokitumia sasa kinatoka zaidi kwenye kuhesabu. Kabla ya mechi napiga rangi nyeupe chini, mraba wa mita mbili kwa mbili, mmoja karibu na geti na mwingine mwanzo wa uchochoro. Eneo lake ni mita nne za mraba, kwa hiyo watu 16 ndani yake ni wale wanne kwa mita. Namweka kijana juu ya ngazi, kazi yake ni kuhesabu vichwa tu. Rangi yenyewe haionekani watu wakijaa, ndiyo maana pembe za mraba tunazilinganisha na nguzo za uzio, tunafunga utepe kwenye nguzo hizo kwa juu. Vikifika vichwa 12, stewadi wa barabarani anazuia wanaokuja. Hatungojei 16. Wanne wa Pamplona ni kipimo cha mahali pao, watu wamekuja kusherehekea. Sioni sababu ya kujaribu kama wetu wanaanza kuyumba wakiwa wangapi.

Kuzuia barabarani nako kuna adabu yake. Watu wanakubali kusubiri pale ambapo bado wanaweza kugeuka, kununua maji, kupiga simu, kukaa chini. Mama mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, mbona mnatuzuia huku na geti liko wazi?" Nikamjibu, "Mama, liko wazi kwa kuwa tumekuzuia huku." Akatafuta jiwe akakaa. Mashine ikigoma siku hizi hatufungi kabisa. Tunapitisha kwa macho, polepole, wenye kadi wanaziinua, na hesabu za mapato watajua wenyewe. Hilo limenigombanisha na watu wa mapato zaidi ya mara moja.

Wakati wa kutoka ni shida nyingine, na kuna utafiti wake pia, wa Machi 2025, katika jarida la PNAS. Karol Bacik, mwanahisabati aliyekuwa chuo cha MIT, Marekani, na wenzake waliwavisha watu kofia za karatasi zenye alama, wakawapiga picha kutoka juu wakikatiza ukumbi wa mazoezi. Watu wakienda pande mbili tu zinazopishana, wanajipanga wenyewe kwenye mikondo, hakuna anayewaelekeza. Kila mtu akianza kuelekea upande wake kidogo, mikondo inavumilia hadi pembe za njia zao zitawanyike kwa kama nyuzi 13. Ikizidi hapo inavunjika, na kila mmoja anaanza kukwepana na mwenzake.

Nyuzi 13 ni kidogo sana. Nje ya geti letu, wa Mbagala wanakata kulia, wa Gongo la Mboto kushoto, bodaboda wanaingia katikati, na wauza maji wamesimama palepale kila mtu anapopita. Nikampelekea mkuu wetu wa mastewadi mchoro: wauza maji wahamie karibu na vituo, wanaokwenda kulia watolewe kwa geti la kulia tangu ndani, na mbele tufunge kamba mita kadhaa ili kila kundi lishike njia yake kabla halijakutana na jingine. Akautazama, akasema wauza maji atawahamisha yeye mwenyewe, mageti tutagawana, ila kamba hapana. Zilinunuliwa mwaka juzi, zikaibiwa zote siku hiyohiyo. Mechi ijayo tutachora njia kwa chokaa.